Somo la mafuriko lianzie Pugu

Kila masika, walimu wa shule zilizo karibu na Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam huwa na wanafunzi wanaoyajua mafuriko kwa macho yao. Haya ni maswali ambayo walimu hao huwa nayo, pamoja na majibu yangu kama mtu wa kazi ya maji.

Swali: Nianzie wapi, pale Jangwani panapofurika?

Jibu: Hapana, anzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unakotoka mto. Mtoto wa Jangwani anaweza kuona mto umefura wakati kwao yamedondoka manyunyu tu, na hataelewa kwa nini mpaka afuate maji tangu juu. Chora mto ubaoni, upite Kinyerezi, Vingunguti na Kigogo hadi unapoingia baharini kwenye daraja la Selander. Kila mmoja aonyeshe kwao ni wapi, na maji ya bati la kwao yanaelekea wapi.

Swali: Darasa la tatu wataelewaje maji yanavyozama ardhini?

Jibu: Kwa mikono yao. Laza chupa mbili za lita moja na nusu, uzikate ubavu wa juu. Moja ijaze udongo mtupu ulioshindiliwa. Nyingine weka bonge la udongo lenye nyasi na mizizi yake. Ziinamishe kidogo, weka kikombe chini ya kila mdomo, kisha mwanafunzi anyunyize maji ya kipimo kimoja kwa kopo lililotobolewa huku mwenzake akihesabu sekunde.

Kwenye udongo mtupu maji hutoka mapema, tena ya kahawia. Kwenye nyasi huchelewa, huwa machache na masafi zaidi. Usiwape jibu, waache wabishane kuhusu ile rangi. Udongo huohuo ukifika bondeni hutuama, kina cha mto kikapungua, na mvua inayofuata ikakosa nafasi. Halafu wanyunyize tena papo hapo. Safari hii hata chupa ya nyasi itatoa maji haraka zaidi, kwa sababu udongo umeshashiba. Msiliruke jaribio hili la pili.

Swali: Na hesabu?

Jibu: Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 50 hutiririsha lita 5,000. Wahesabu paa la darasa lao, kisha wajiulize kuhusu mtaa mzima.

Swali: Basi tuwaambie miti inazuia mafuriko?

Jibu: Naomba msiwaambie hivyo. Miti, nyasi, matete na ardhi oevu huchelewesha maji ili yasifike mtoni yote kwa mkupuo. Pickering, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza, ulifurika vibaya mwaka 2007. Baadaye magogo yalilazwa kukingama vijito vya juu, miti ikapandwa, na tuta la kuzuilia maji likajengwa. Katika mvua za Desemba 2015, wataalamu walikadiria kuwa kazi hiyo ilipunguza kilele cha maji kwa asilimia 15 hadi 20. Hiyo ni faida kubwa, lakini si ukuta. Mtoto aliyeahidiwa ukuta atawaona walimu waongo masika yajayo.

Swali: Mikoko je?

Jibu: Ile ya Selander hukinga ukingo dhidi ya mawimbi. Mkazi wa Kigogo haimwokoi mto ukijaa.

Swali: Nina wanafunzi ambao familia zao zilipoteza nyumba.

Jibu: Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo swali la “kwa nini mlijenga bondeni?” lisisikike darasani, mtoto hakuchagua kiwanja. Muulize, akiwa tayari kusema, maji yalifika wapi ukutani. Alama hiyo ni kipimo halisi. Hata mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulichora ramani za maeneo yanayofurika jijini kwa kuwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe.

Swali: Mvua ikianza wakiwa shuleni?

Jibu: Wasivuke maji yanayokwenda, hata wakiwa wameshikana mikono. Maji ya kasi yasiyofika magotini huweza kumwangusha mtu mzima, na shimo la mtaro halionekani chini yake. Kubalianeni na wazazi kabla ya masika nani atamfuata nani, kwa njia ipi, na watoto wasubiri chumba gani iwapo hakuna aliyefika.