Kisigino kisichouma si lazima kiwe kimepona

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 46, alijiandikisha kushiriki mbio za kilomita 10 za kuchangia zahanati ya mtaa wetu. Wiki saba kabla ya siku yenyewe alianza kuhisi maumivu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Alifanya lile ambalo aghalabu sisi sote hufanya. Alipumzika kabisa, akachuliwa mafuta, na maumivu yakatoweka. Siku ya mbio akavaa raba zake, akabandika nambari kifuani na kuondoka na wenzake. Kabla ya kumaliza kilomita ya nne alikuwa ameketi kando ya barabara, na alichechemea kwa miezi mitano.

Watu walisema ni uzee. La hasha! Kosa lake ni kudhani kwamba maumivu yakiisha, basi mtu amepona.

Kano inayounganisha shavu la mguu na kisigino ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini. Ukikimbia, kila hatua huibebesha mzigo unaozidi uzito wako mara kadhaa. Hata hivyo, damu inayoifikia ni kidogo ikilinganishwa na ile ya misuli, na ndiyo sababu hupona kwa miezi wala si kwa siku. Ukilala tu, maumivu hupungua kwa kuwa kano haina kazi, lakini nguvu zake nazo huzidi kupungua. Isitoshe, moyo na mapafu hurudia hali yake upesi zaidi. Pumzi itakuambia uongeze mwendo ilhali kano haijawa tayari.

Mnamo mwaka 1998, daktari mpasuaji wa Uswidi, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha zoezi ambalo halihitaji kifaa chochote ila ngazi. Simama kwenye ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo, visigino vikiwa hewani. Jiinue kwa miguu yote miwili, kisha uhamishie uzito kwenye mguu unaouma na ushushe kisigino polepole hadi chini ya usawa wa ngazi. Fanya hivyo mara 15, upumzike, urudie hadi zitimie awamu tatu. Kisha fanya awamu nyingine tatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Ni asubuhi na jioni, kila siku, kwa wiki 12. Maumivu kiasi wakati wa zoezi yasikutishe. Lakini ikiwa unaumwa pale chini kabisa, kano inaposhikana na mfupa, usishushe kisigino kupita usawa wa ngazi.

Utajuaje kwamba wakati wa kukimbia umewadia? Tembea haraka kwa dakika 30. Kisha simama kwa mguu ulioumia na ujiinue kwa vidole mara 20, ukilinganisha na mguu mzima. Ukishindwa, ngoja. Ukiweza, anza kwa kukimbia dakika moja na kutembea mbili, kwa jumla ya nusu saa, na uache siku moja kabla ya kukimbia tena. Usipande vilima mapema, maana mwinuko huivuta kano zaidi kuliko tambarare.

Kipimo bora zaidi ni hatua zako za kwanza kutoka kitandani. Kisigino kikiwa kimekaza kuliko jana, basi ulikimbia kupita kiasi, hata kama hukuhisi lolote barabarani.

Hata mabingwa hungoja. David Rudisha aliumia goti mwaka 2013 akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Mwaka uliofuata alishindwa katika fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow, akatwaa fedha. Dhahabu za Beijing 2015 na Rio 2016 zilikuja baadaye.

Sasa kuhusu dawa. Wapo wanaomeza tembe za maumivu asubuhi ya mbio ili wamalize. Maumivu yakifichwa utajuaje pa kusimama? Tena dawa kama ibuprofeni, mwili ukiwa umepungukiwa maji, zaweza kudhuru figo. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba siprofloksasini, ambayo wengi hupewa kwa homa ya matumbo, yaweza kudhoofisha kano hii hata ikakatika. Ukiwa umeitumia karibuni, mweleze daktari kabla ya kurudi mbioni.

Ukisikia mlio wa ghafla nyuma ya mguu, kana kwamba umepigwa teke, na ushindwe kujiinua kwa vidole, usikubali kuchuliwa na mtu yeyote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mwalimu wetu alishiriki tena mbio zilizofuata, safari hii za kilomita tano. Alianzia nyuma kabisa, pamoja na akina mama waliobeba watoto, akatembea kila mwinuko na kufika baada ya karibu kila mtu. Wanafunzi wake walimcheka. Kesho yake alishuka kitandani, akakanyaga sakafu kwa uangalifu, kisha akaenda kwenye ngazi za mlango wa jikoni kufanya zoezi lake.