Daftari la Dereva wa Pikipiki katika Njia za Sapiwi

Kumbukumbu za uendeshaji ni maandishi mafupi yanayowekwa na dereva wa pikipiki baada ya safari, nazo zimezoeleka zaidi kwa washindani wa viwanja vya lami, ambao huchora kila kona na kutia alama mahali pa kuanza kushika breki, gia inayofaa na upepo wa matairi. Katika kata ya Sapiwi, mkoani Simiyu, dereva wa bodaboda anayepeleka abiria Bariadi kila siku hurudia kona zilezile mara nyingi kuliko washindani wengi, na marudio hayo, yakiandikwa, ndiyo yanayomwezesha kulinganisha.

Jambo la kwanza kuandikwa ni ardhi. Barabara za vumbi za Usukuma hupita juu ya udongo wa aina kadhaa ndani ya kilomita chache, na wakulima wamekwisha kuupa majina yanayomfaa dereva: luseni, yaani mchanga wa miinukoni, itogolo, wenye tabaka gumu chini yake, na mbuga, yaani mfinyanzi mweusi wa mabondeni. Mfuatano wa namna hii, kutoka kilimani hadi bondeni, ndio ambao Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, aliueleza katika miaka ya 1930 kwa jina la katena. Kwenye luseni gurudumu la mbele huzama na usukani kuyumba, hivyo breki ya mbele hushikwa kwa upole kabla ya kona, kamwe si ndani yake. Kwenye mbuga iliyolowa, matope hujaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu ligome kuzunguka.

Baada ya ardhi huandikwa mzigo, kwa kuwa pikipiki yenye abiria mmoja haisimami kama ile iliyobeba mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi, ubebaji ambao ni hatari hata kwa dereva hodari. Mahali pa kuanza kushika breki hutajwa kwa kitu kisichohama, kama vile karavati au nguzo ya umeme, na mwendo huandikwa pia, maana ukipanda kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, umbali wa kusimama baada ya breki kushika huwa takribani mara nne.

Kanuni ngumu kuliko zote ni kubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja: dereva akipunguza upepo na kukaza shokapu siku hiyohiyo, daftari haliwezi kumwambia kilichosaidia. Upepo wenyewe hupimwa asubuhi, tairi likiwa bado baridi.

Mvua za Novemba zinapokaribia, kurasa za masika yaliyopita husomwa kwanza, na kona huchorwa upya pale tu greda lilipopita.