SOMO LA UMEME: KUBANA AO KUPIGA SUDURE?



Mwaka jana, siku tatu mbele ya kutuma majina ya wanafinalisti, ordinatere ya sekretariati ilizimika, na harufu ya plastiki ya kuungua ikajaa nyumba. Kwa bahati majina yalikuwa yamekwisha kuandikwa pia kwa mkono. Tulipofungua tuliona fishe ya singa za manjano na nyeusi imeyeyuka upande mmoja. Kosa halikuwa la kiwanda. Ni sisi wenyewe wa seksio ya umeme tuliotengeneza ile fishe kwa sudure, na tulijisifu sana. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

Moto unatoka wapi?
Singa nzuri peke yake haipati moto mwingi. Moto unazaliwa pale vitu viwili vinapokutana: singa na kose yake, kisha kose na msumari wa fishe. Fomula munaijua: P = R × I × I. Tuseme singa inapitisha ampere 8. Kama maungio ni mazuri, yenye ome 0,005, tunapata 0,005 × 64 = wati 0,32. Hapana shida. Kama ni mabaya, yenye ome 0,1, tunapata wati 6,4. Taa ya mbele ya kinga yenye dinamo ni wati 3 tu! Hapa ni zaidi ya taa mbili, ndani ya plastiki ndogo kama jino. Tena moto unalegeza kose, kulegea kunaongeza rezistansi, na rezistansi inaongeza moto.

Juu ya nini sudure ilitudanganya?
Bati inapitisha umeme vizuri, shida haiko pale. Kwanza, bati ya moto inapanda kati ya nyuzi za singa, na singa inakuwa ngumu kama fimbo. Pale ugumu unapoishia, nyuzi zinakatika moja moja kila mara tunapoikunja. Pili, bati inaweza kutiririka paka ndani ya kose, pale inapopaswa kushika msumari. Tatu, bati yenye risasi inayeyuka kwa digri 183, na inalainika mbele ya kufika pale.

Kubana vizuri
Kose iko na mabawa ya namna mbili. Ya kwanza yanashika shaba tupu. Ya pili yanashika ngozi ya plastiki, ili mvuto usifike kwa nyuzi. Pinse ya kweli inakandamiza shaba na kose paka hewa haipati njia ya kuingia.

Lakini musidanganyike: kubana kwa pinse ya kila siku, ao kwa meno, kunaweza kuwa kubaya kuliko sudure. Basi mufanye hivi:

1. Toa fishe ya ukutani kwanza. Sanduku la alimentasio musilifungue, linaweza kuchunga umeme hata likizimwa.
2. Chagua kose na pinse za unene wa ile singa.
3. Chuna ngozi bila kukata uzi hata mmoja.
4. Musipake bati mbele ya kubana: bati inakubali pole pole chini ya mkandamizo, na maungio yanalegea.
5. Bana, kisha vuta kwa nguvu. Afazali itoke mkononi kuliko ndani ya mashini.
6. Ingiza fishe paka mwisho.

Hii ya mwisho si kitu kidogo. Mwaka 2022 fishe mpya za kadi za picha, za wati 600 kwa volti 12, ziliyeyuka kwa watu fulani. Sababu moja iliyoonekana ni kwamba hazikuingizwa paka mwisho.

Na kama hatuna pinse ya kweli? Tungoje tuipate, ao tununue kabo iliyokwisha kutengenezwa. Kungoja wiki moja si haya. Haya tuliipata kwa kuharakisha.

Maulizo
1. Wati 600 kwa volti 12 ni ampere ngapi? Tukizigawa kwa singa 6, kila moja inabeba ngapi?
2. Singa moja ikikatika, tano zinazobaki zinabeba ngapi kila moja? Moto wa kila maungio unaongezeka mara ngapi?