Kupanga Kambi ya Vibanda Mlimani Kilimanjaro

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula huu Chama cha Jiografia cha shule yetu hapa Kigongo kimekuwa kikitengeneza safari ya likizo ya Juni, yaani kwenda kulala katika vibanda vya Mlima Kilimanjaro. Mimi nilipewa kazi ya kuandika mpango. Wenzangu wengi wameniuliza kuna ugumu gani hata mpango uchukue muhula mzima, maana kupanda ni kupanda tu. Nimeona yafaa nijibu hapa, ili na wazazi wetu wajue watoto wao wanapelekwa wapi, na kwa hesabu gani.

VIBANDA

Mlima huu una njia kadhaa, lakini njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala. Katika njia nyingine watu hulala hemani. Vibanda vingi ni vya mbao, na ndani mna vitanda na magodoro. Kituo cha kwanza ni Mandara, meta 2,720 juu ya usawa wa bahari. Cha pili ni Horombo, meta 3,720, na cha tatu ni Kibo, meta 4,720. Kilele cha Uhuru kina meta 5,895. Mandara na Horombo ni majina ya Mangi wawili wa Wachaga wa zamani. Kwa kuwa vitanda vina idadi yake, nafasi huombwa mapema, na hapana ruhusa kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Kadhalika raia wa Afrika Mashariki hawalipi ada sawa na wageni, basi kila mmoja achukue kitambulisho chake.

Mpango mzuri si jambo jipya katika mlima huu. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda mwaka 1887 akashindwa. Mwaka 1889 alirudi pamoja na Ludwig Purtscheller, akaweka kambi zenye chakula njiani ili asilazimike kushuka kila mara. Tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni.

HESABU YA HEWA

Ziwa letu liko meta 1,134 juu ya bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kwa hesabu tuliyofanya darasani, pumzi moja ya Horombo ina hewa kiasi cha asilimia 72 tu ya pumzi moja ya Kigongo. Ya kileleni ina asilimia 54. Mwili huweza kuzoea, lakini hutaka muda. Kanuni ya waganga ni kwamba ukipita meta 3,000, usilale kila usiku juu zaidi kwa meta 500 kuliko jana yake, na kila baada ya meta 1,000 hivi upumzike siku nzima.

Kwa sababu hiyo tumepanga hivi. Siku ya kwanza ni ya basi: Usagara, Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha, Moshi, zaidi ya kilometa 800. Siku ya pili tutapumzika Marangu. Siku ya tatu na ya nne tutalala Mandara, siku ya tano na ya sita Horombo, na siku ya saba tutashuka. Kibo na kilele hatutafika. Wako waliokasirika, wakisema kwenda Kilimanjaro bila kufika Uhuru ni kama kwenda ziwani bila kunawa. Lakini kufika huko kwa salama kwataka siku nyingi zaidi na fedha nyingi zaidi, na wazazi wamekwisha kutoa walichoweza.

Mtu akiumwa kichwa, akitapika na kukataa chakula, asipande tena mpaka apone, akizidi, ateremshwe. Akipepesuka kama mlevi, au akihema hata akiwa amekaa, ateremshwe saa ile ile, hata usiku.

CHAKULA NA NGUO

Maji huchemka upesi zaidi juu ya mlima, lakini kwa moto mdogo. Hapa huchemka kwa digrii 96 hivi. Horombo kwa digrii 88. Kwa hiyo maharage yatakaa jikoni mchana kutwa na bado yatagonga meno. Tumeyaacha. Tutachukua unga, mchele, dagaa wakavu, karanga, sukari, na matobolwa ya kutosha, kwa kuwa ni viazi vilivyokwisha kupikwa kabla ya kukaushwa, na huliwa bila moto. Kukata kuni ni marufuku. Hupikwa kwa gesi. Moto wa Oktoba 2020 ulioteketeza eneo kubwa mlimani ulianzia Whona, kati ya Mandara na Horombo.

Baridi nayo ina hesabu. Joto hupungua kiasi cha digrii 6 na nusu kwa kila meta 1,000. Kukiwa na digrii 28 hapa, tutegemee 11 Horombo mchana, na usiku karibu na barafu. Sweta, kofia ya sufu, glavu na koti la mvua vinapatikana kwa bei nafuu katika mitumba ya Mlango Mmoja, Mwanza. Mifuko ya kulalia tutakodi. Viatu vivaliwe mwezi mzima kabla ya safari, maana kiatu kipya huchubua.

JAMBO GUMU KULIKO YOTE

Aliyetoa wazo la safari hii ni rafiki yangu, naye ana siko seli, ugonjwa ulio mwingi sana Kanda ya Ziwa. Hewa ikipungua, chembe nyekundu za damu yake hujipinda na kuziba mishipa. Daktari alikataa kabisa asipande mlima. Katika mkutano mmoja alisema tufute jina lake. Mwingine akasema tuvunje safari. Rafiki yangu alikataa yote mawili.

Tukakumbuka kwamba vipimo vya juu havina maana bila vipimo vya chini vya saa ile ile. Basi yeye atakaa Marangu kijijini, ambako daktari amekubali, pamoja na mwalimu mmoja, akisoma kipimajoto na kipimahewa saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, nasi tutafanya vivyo hivyo vibandani. Ripoti itaandikwa na yeye. Hakuficha kwamba angependa zaidi kupanda, nasi hatukumwambia kwamba ni sawasawa. Wengine wote tutapimwa damu kabla ya Juni, kwa kuwa hata mwenye kurithi siko seli kwa mzazi mmoja tu yafaa daktari ajue kabla hajapanda.

Wazazi wa Sengerema na Geita wasiwe na shaka juu ya kivuko. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, watoto wao wanavuka kwa dakika chache.

MASWALI

1. Kwa nini tunalala Mandara siku mbili?
2. Maji yatachemka kwa digrii ngapi Kibo, ikiwa hupungua digrii moja kwa kila meta 300?
3. Ungekuwa katibu wa safari, ungempa kazi gani mwenzako asiyeweza kupanda?