Jinsi ya Kutabiri Tunzo za Sinema

Somo langu la leo linahusu tunzo za sinema zinazotangulia, na kama zinaweza kutuonyesha mshindi wa mwisho.

Hapa Nchelenge, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi katika Ziwa Mweru hupigwa marufuku ili samaki wazaane. Kuanzia miezi hiyo hiyo, Marekani na Uingereza, tunzo za sinema hutolewa moja baada ya moja, na ya mwisho ni Oscar. Wavulana wakikaa bila kazi ya nyavu hubishana ni sinema gani itashinda, na wengine huweka hata fedha za sabuni. Ubishi huo una mafunzo ndani yake, ila yafaa uwe na msingi.

Kwanza, tujue nani anapiga kura. Oscar ya kwanza ilitolewa Hollywood tarehe 16 Mei 1929. Kura zake hupigwa na watu wa kazi yenyewe: waongozaji, wachezaji, watayarishaji, wapiga picha na wengineo. Wahakiki wa magazeti, ambao hutoa tunzo zao mapema mwezi wa Desemba, hawamo. Basi sifa zao huifanya sinema ijulikane, lakini si kura. Vyama vya kazi ni jambo jingine. Wengi wa wanachama wa Chama cha Waongozaji cha Marekani hawamo katika Oscar, lakini waongozaji wanaopiga kura ya Oscar wengi wao ni wanachama wake. Ndiyo sababu tangu tunzo yake ilipoanza mwaka wa 1948, ni mara chache tu mwongozaji aliyemchagua amekosa Oscar. Atakaye kujua habari za samaki amwulize aliyetia wavu katika maji hayo hayo, asimwulize aliyesimama ufukoni.

Pili, tujue namna ya kuhesabu. Kwa sinema bora, tangu kura za sinema za mwaka wa 2009, mpiga kura huzipanga sinema kwa daraja: ya kwanza, ya pili, ya tatu na kuendelea. Tuseme wanafunzi 100 wanachagua kati ya sinema tatu. Ya kwanza imepata 40, ya pili 35, ya tatu 25. Hakuna iliyopita nusu, kwa hiyo ile ya tatu hutolewa, na karatasi zake 25 hugawanywa kufuata chaguo lililo chini yake. Kama 20 zinakwenda kwa sinema ya pili na 5 kwa ya kwanza, ya pili sasa ina 55 na ya kwanza 45. Iliyokuwa nyuma imeshinda! Maana yake, sinema inayopendwa sana na wachache na kuchukiwa na wengine huweza kushindwa na ile ambayo watu wengi wameiweka karibu na juu.

Tatu, tukumbuke kwamba dalili si ahadi. Mapema mwaka wa 2020 sinema ya 1917 ilipata Golden Globe ya sinema za huzuni, tunzo ya watayarishaji, ya waongozaji, na ile ya Uingereza iitwayo BAFTA. Wengi wakasema, mambo yamekwisha. Lakini Parasite ya Korea Kusini ilikuwa imepata tunzo ya kundi bora la wachezaji kutoka chama cha wachezaji, na wachezaji ndio tawi kubwa kuliko yote katika Oscar. Tarehe 9 Februari Parasite ikashinda, ikawa sinema ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata Oscar ya sinema bora. Aliyehesabu wingi wa tunzo alikosea. Aliyeuliza ni akina nani waliozitoa alikuwa na sababu ya kusita.

Nne, tutazame mfano wetu wa Zambia. Rungano Nyoni alizaliwa Lusaka akakulia Wales. Sinema yake, I Am Not a Witch, inayosimulia habari za mtoto wa kike anayeshtakiwa uchawi, ilionyeshwa Cannes mwezi wa Mei 2017. Kibemba tunachokisikia kila siku katika soko la Kashikishi kikasikika huko. Desemba mwaka ule alipata tunzo ya mwongozaji bora katika tunzo za sinema huru za Uingereza, na Februari 2018 akapata BAFTA ya kazi ya kwanza. Hapo tunzo ya mapema ilitabiri vema, kwani zote mbili ni za Uingereza. Lakini Uingereza ilipoipeleka sinema hiyo kwenye Oscar ya lugha za kigeni, haikuingia katika tano za mwisho.

Je, tuseme ilishindwa? Mimi nakataa. Mwaka wa 2024 Nyoni alirudi Cannes na On Becoming a Guinea Fowl, ambayo nayo ina Kibemba, akapewa tunzo ya mwongozaji bora katika sehemu iitwayo Un Certain Regard, akigawana na mwongozaji mwingine. Tunzo ya mapema ina kazi zaidi ya kutabiri: humfungulia mlango mtu asiyejulikana, ili kazi yake ya pili isikilizwe. Tukipima kila kitu kwa Oscar peke yake, tutadharau sinema zinazosema kwa lugha ya nyumbani kwetu.

Basi Desemba ijayo, kabla hujabisha, jiulize maswali matatu: nani amepiga kura, kura zimehesabiwaje, na tunzo hii inafanana vipi na ile inayotabiriwa? Andika jibu lako pamoja na sababu zake, ulitunze mpaka siku ya Oscar, kisha ulisahihishe mwenyewe kama hesabu. Na fedha za sabuni, nunulieni sabuni.