Somo la Ufundi na Usalama: Redio Nyingi, Antena Moja



Katika mashamba makubwa na viwandani mara nyingi zipo redio za mawasiliano zaidi ya moja: ya walinzi, ya magari, ya zimamoto. Mlingoti mrefu ni ghali, na kila antena huuongezea mzigo wa upepo. Kwa hiyo redio kadhaa huweza kutumia antena moja. Jambo hili lawezekana, ila kwa vyombo vinavyofaa.

1. Kosa la kuepuka. Redio mbili zisiunganishwe kwa kiungo kitupu cha njia tatu. Moja ikirusha, nguvu yake huingia katika ya pili na yaweza kuunguza sehemu ya kupokea, iliyoundwa kunasa mawimbi hafifu sana.

2. Njia zilizo sahihi. Ya kwanza ni machujio: makopo ya chuma yaliyorekebishwa, kila moja likipitisha masafa ya redio yake na kuzuia ya jirani. Masafa yakikaribiana mno, hutumika kiunganishi cha kugawa nguvu, nacho hula nusu. Redio ya wati 25 haifikishi zaidi ya wati 12 na nusu kwenye antena. Nusu ya pili hugeuka joto. Basi shamba la mbali laweza kukosa kusikika.

3. Mchanganyiko wa masafa. Redio mbili zikirusha pamoja, megahezi 150 na 151, zaweza kuzaa mawimbi ya 149 na 152. Kama gari la wagonjwa linasikiliza katika 149, mwito wa mwenzetu aliyeumia waweza kumezwa. Dawa yake ni kupanga masafa vizuri, kufunga vyombo vinavyopitisha nguvu upande mmoja tu, na kuondoa kutu kwenye viungo.

4. Usalama wa fundi. Anayepanda mlingotini hukabili nguvu za redio zote, nazo zaweza kumuunguza. Kuzima moja hakutoshi. Zizimwe zote, umeme wake ufungiwe, na kibao kiwekwe: USIWASHE, MTU YUKO JUU. Kabla ya hapo zimamoto wapewe njia nyingine ya mawasiliano, kwani antena hiyo ikisimama, wote huwa bubu.

Maswali ya kujadili tawini:
(a) Kwetu, redio ngapi zinatumia antena moja?
(b) Nani anashika funguo fundi anapopanda?
(c) Antena ikianguka leo, tutamwitaje daktari?