Kidani cha Plastiki Isinyaayo: Somo la Vipimo Katika Kazi za Mikono

Mara nyingi kipindi cha kazi za mikono hugeuzwa kuwa mapumziko. Wanafunzi hukata, hupaka rangi na kufurahi. Lakini wakiulizwa wamejifunza nini, hawana la kusema. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi kidani kidogo cha plastiki kinavyoweza kumfundisha mtoto uwiano, eneo na ujazo, nacho kikabaki kuwa kidani cha kuvaliwa.

Zana yenyewe

Karatasi za plastiki isinyaayo zilianza kujulikana kama zana ya watoto huko Wisconsin, Marekani, mwaka 1973, zilipobuniwa na Betty Morris na Kate Bloomberg kwa jina la Shrinky Dinks. Malighafi yake ni polistirini, ambayo pia hutengenezewa baadhi ya visanduku angavu vya vyakula, vyenye alama ya namba 6 ndani ya pembetatu ya mishale.

Kiwandani karatasi hii hupashwa moto, huvutwa pande zote, kisha hupozwa ingali imevutika. Ikipata joto tena hurudi katika hali yake ya awali. Mwalimu aweza kulieleza jambo hili kwa ukanda wa mpira uliovutwa na kutundikwa kwenye misumari miwili: ukifunguliwa, hurudi.

Hatua za somo

1. Kila kikundi kikate mraba wenye upande wa sentimita 9, kiupime na kuandika vipimo vyake.

2. Wanafunzi wakwaruze uso wa plastiki kwa msasa laini ili penseli za rangi zishike. Wachague rangi hafifu, kwa maana rangi hukolea plastiki inaposinyaa.

3. Matundu yatobolewe kabla ya kuoka. Tundu la milimita 6 litabaki na takriban milimita 2.

4. Mwalimu aoke vipande juu ya karatasi ya kuokea, katika oveni yenye joto la nyuzi za sentigredi 160 hivi, kwa dakika moja hadi tatu. Plastiki itajikunja kwanza, kisha itanyooka. Hapo itolewe na kukandamizwa kwa kitu bapa kabla haijapoa.

5. Wanafunzi wapime tena. Upande wa sentimita 9 utakaribia sentimita 3; eneo la sentimita za mraba 81 litakaribia 9.

Hapa ndipo kiini cha somo. Mwalimu aulize: "Sehemu iliyopungua imekwenda wapi?" Asijibu yeye. Awape wanafunzi vipande 9 vya plastiki isiyookwa, wavipange kimoja juu ya kingine, wavilinganishe na kipande kilichookwa. Wataona kwamba unene unakaribiana. Hakuna kilichopotea, ujazo ni uleule.

Tahadhari

Polistirini ikishika moto hutoa moshi mweusi wenye madhara. Kwa hiyo isiwekwe kamwe juu ya jiko la mkaa, mshumaa au moto wa kuni. Oveni itumiwe mahali penye madirisha wazi, wala chakula kisipikwe humo wakati uo huo. Shule isiyo na oveni yenye kipimo cha joto isilazimishe kazi hii: wanafunzi wapime na kuchora darasani, na mwalimu akaoke kwingine, kisha avirejeshe vipande kipindi kinachofuata.

Tena, visanduku vya vyakula havikuvutwa sawasawa pande zote, hivyo husinyaa ovyo. Mwalimu ajaribu kipande kabla ya siku ya somo.

Tulimwona mwanachuo mmoja ambaye hakufanya jaribio. Aliwaacha wanafunzi watoboe matundu baada ya kuoka, plastiki ikiwa imekwisha kuwa ngumu. Vidani vikapasuka kimoja baada ya kingine, na watoto walioandika majina ya mama zao wakarudi nyumbani mikono mitupu. Andalio lake la somo lilikuwa safi kwa mwandiko. Lililokosekana ni saa moja ya kujaribu.

Tathmini

Mwanafunzi apewe swali hili: "Unataka kidani chenye upana wa sentimita 2. Utakata plastiki ya upana gani?" Atakayejibu sentimita 6, na kueleza sababu, amelifahamu somo.